Nilikanyaga Breki

2 Machi

Mwanangu,

Usishangae kuona barua. Simu nimeizima nikaifungia kwenye kabati la vitambaa, kwa sababu kila tukiongea mmoja anamkatia mwenzake, na mara ya mwisho ni wewe uliyenikatia mimi niliyekuzaa. Barua haikatwi. Utaisoma mpaka mwisho, na ukitaka kunijibu kwa hasira itabidi kwanza utafute kalamu, na kalamu ndani ya nyumba yako najua zinavyopatikana. Barua zangu nitazipeleka ofisi ya mabasi. Karani wa vifurushi ananifahamu, nilimshonea suruali za kazini.

Nataka kusema jambo moja: nilikanyaga breki.

Najua mnavyosema. Mumeo anasema, majirani wanasema, mwenye duka la ndoo anasema kwa sauti kuliko wote. Bibi kazeeka, kachanganya breki na mafuta. Ni kweli gari liliteremka mtaa wa sokoni likapanda kibarazani, na ndoo zikabingirika mpaka kwa kinyozi. Ni kweli mjukuu wangu Kasuku alipasuka kipaji cha uso, akashonwa nyuzi tatu. Wiki ya tatu sasa, na kila nikishika kitambaa cheupe naiona ile damu kwenye kola yake, kola niliyoishona kwa mkono wangu. Lakini mwanangu, mimi nimekanyaga pedeli ya cherehani miaka arobaini na moja. Mguu huu unajua kukanyaga na kuachia kuliko unavyojua kutembea. Uje unisaliti siku moja tu, tena siku niliyompakia mjukuu?

Mumeo alilizungusha uani mara mbili, akakanyaga, likasimama, akashuka akitikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Breki nzima, mama." Nikamkaribisha chai. Ni mkwe, namheshimu.

Jana nimelipeleka kwa Fundi Bodi, yule mwenye kigugumizi, nyuma ya ghala la mbao. Kioo cha mbele kinavuja tangu baba yako yuko hai, na kutu imeshakula pembe zote za fremu. Mvua ikinyesha naendesha huku naoga. Nataka kioo kipya, mpira mpya, na kutu yote ikwanguliwe. Likizo inaanza tarehe 10 Aprili. Nitakuja kumchukua Kasuku kama kila likizo. Usiniambie atapanda basi, wala usiniambie haji.

Mama yako


5 Machi

Fundi,

Habari za kazi. Mimi ni binti wa yule mama mshonaji anayeitwa Bi Mkasi, aliyekuletea gari kuukuu la kijani. Nilitaka kukupigia, nikaambiwa wewe na simu hampatani, ndiyo maana nimeandika.

Nina ombi, nalo si la kawaida. Mama anataka gari lile litengenezwe ili aje amchukue binti yangu likizo. Nadhani ulisikia yaliyotokea mtaa wa sokoni. Mimi ni muuguzi wa wodi ya majeruhi. Nawapokea wazee waliokanyaga mafuta wakidhani ni breki, na wote, Fundi, wote wanaapa kwamba walikanyaga breki. Hawadanganyi. Wanaamini hivyo kabisa. Mama yangu ana miaka sitini na tisa na sitaki kumpokea pale kitandani, wala kumpokea mwanangu.

Nikimkataza ataendesha kwa makusudi, ndivyo alivyo. Lakini fundi akimwambia gari limekufa, atasikia. Nakuomba umwambie hivyo. Mwambie kutu imemaliza bodi, au kioo cha gari la zamani namna ile hakipo tena duniani. Utakuwa umeokoa watu.

Na tafadhali, hili libaki kati yetu.

Binti wa Bi Mkasi


8 Machi

Dada,

Salaam. Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani imekosea njia. Ni kweli mimi na simu hatupatani. Nikianza kuvuta neno, mtu wa upande wa pili anadhani mtandao umekatika naye anakata. Kwenye karatasi maneno yananitii.

Nikuambie ukweli. Miaka ishirini na sita nimefanya kazi hii, na uongo ninaomwambia mwenye gari ni mmoja tu, wa siku ya kumaliza kazi. Huo kila fundi anao, na mteja asiposikia "njoo kesho" anaweza kuugua. Lakini kumwambia mtu gari lake limekufa wakati linapumua, hilo sijawahi.

Ila na mimi nina mama. Kwa hiyo nitafanya nusu ya ulichoomba. Sitasema gari limekufa. Nitasema kioo hakijapatikana. Kusema kweli kimepatikana, kipo stoo kimefunikwa magunia, nilikitoa kwenye gari la aina hiyohiyo lililogongwa nyuma. Nitachelewesha mpaka likizo ipite. Baada ya hapo mtajuana wenyewe.

Kioo cha zamani nimeshakitoa. Chini ya mpira kutu imejaa kama masizi kwenye chungu. Kuna mtu aliwahi kupaka gundi ya silikoni juu ya kutu, na juu ya silikoni akapaka tena. Maji yakashindwa kutoka nje, yakaamua kuingia ndani.

Mama yako anakuja kesho na kigoda chake. Nilimwambia si lazima. Amesema mteja asiyesimamia nguo yake hupewa ya jirani.

Fundi Bodi


15 Machi

Mwanangu,

Mbona kimya? Au bado unatafuta kalamu.

Mimi naenda gereji kila siku. Nyumbani sikai. Nikikaa nasikia saa ya ukutani, nikisikia saa nahesabu siku za likizo, nikihesabu siku nasimama, nikisimama natoka. Wateja wananifuata hukohuko gereji. Jana nimempima mtu kiuno katikati ya tairi mbili na betri, na fundi wa rangi akawa anaangalia pembeni kwa adabu.

Fundi amenipa brashi ya waya na msasa. Kutu, mwanangu, ina tabia ya umbea. Unaona doa dogo kama kichwa cha pini, ukikwangua inakwambia habari za bati zima. Fundi ana namna yake: hashiki mashine mpaka agonge kwanza. Anageuza bisibisi, anagonga kwa kipini, taratibu, kila inchi, sikio karibu na bati. Zima linalia, bovu linanyamaza. Pale linaponyamaza anachora duara la chaki. Kisha hakati kwenye duara, anakata nje ya duara, mpaka afike kwenye bati zima, ndipo anatia kiraka. Nikamwambia hivyo ndivyo tunavyofanya sisi, kiraka hakishonwi kwenye uzi uliochoka. Akacheka mpaka kigugumizi kikamtoka.

Tumemaliza fremu ya kioo na nguzo ya kulia. Ule mto mwembamba nilioushona zamani nikaupachika chini ya kioo unyonye maji, Fundi ameutoa kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Zulia la miguuni bado. Hilo nimemwambia aliache mwisho, maana nililishona kwa mkono, nikalitia blanketi kwa chini na kulipandisha mpaka nyuma ya pedeli. Kazi safi. Miaka sita maji yanaingia na viatu vyangu havijawahi kulowa.

Tatizo ni kioo. Fundi anasema hakipatikani. Kila nikimuuliza anaangalia stoo badala ya kuniangalia mimi. Aibu ya fundi, nadhani.

Jambo lingine, usicheke. Nimejipima. Nimekaa kwenye cherehani nimefumba macho, shoga yangu wa nyumba ya pili anasimama nyuma, anasema "simama!" wakati asioutaja. Mara thelathini. Nimesimama mara thelathini. Mwambie mumeo.

Mama yako


18 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, zamu zimenibana.

Nimefurahi kusikia una shughuli, ila nakuomba usivute vumbi la kutu, funga kitambaa puani. Pole kwa habari ya kioo. Labda ndivyo ilivyopangwa, Mama. Magari yana umri wake kama sisi.

Mama, hakuna anayekulaumu. Nataka ulisikie hili kwangu. Si kosa lako, ni miaka. Siku moja na mimi mguu wangu utanichezea, na naomba Kasuku anieleze kwa upole. Kujipima kwenye cherehani si sawa na barabarani, kwenye cherehani hakuna anayekukimbilia mbele.

Tumekupangia kile chumba cha upande wa bustani. Dirisha ni kubwa, mwanga unatosha, cherehani itakaa pale vizuri. Wateja utapata hata huku. Hutahitaji gari kwa sababu soko lipo hatua mia tatu, na mimi nitakuwa nakuona kila siku, si kukusikiliza kwenye simu nikijiuliza leo umeenda wapi. Mama, mimi nachoka na hofu. Kila simu ya wodi ikilia nadhani ni wewe.

Kidonda cha Kasuku kimekauka, imebaki alama ndogo tu. Anakusalimia. Anaongea sana kama kawaida, mengine ya kweli na mengine ya kubuni.

Fikiria, tafadhali.

Binti yako


24 Machi

Mwanangu,

Nimefikiria.

Jana nimekata mkono wa gauni la mtu mara mbili kwa upande uleule. Yaani mikono miwili ya kushoto. Miaka arobaini na moja sijawahi. Mteja akasema hakuna shida, bibi, na lile "bibi" alilisema kwa upole kama ulionao kwenye barua yako. Nikarudi kwenye cherehani nikamwita shoga yangu tujaribu tena. Mara ya kumi na mbili akasema simama, mguu ukaendelea. Haukuendelea sana. Mshono mmoja, au miwili. Lakini ulisikia na haukusimama. Yeye hakuona, nami sikumwambia.

Kwa hiyo labda mnasema kweli. Mtu akisema hajalewa na mtaa mzima unasema amelewa, aende akalale. Nimekuwa nikiikumbuka ile siku kutwa, narudia na kurudia. Nakumbuka nimekanyaga. Nakumbuka mpaka nimeinuka kwenye kiti. Lakini nimeirudia mara nyingi mno, kiasi kwamba sijui tena kama nakumbuka ile siku au nakumbuka ninavyoisimulia. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko ndoo zote.

Siku mbili sijaenda gereji. Nikifika nitaangalia nini? Nimemwambia karani wa mabasi anitafutie mtu wa vyuma chakavu.

Njoo unichukue tarehe 7. Njoo na gari kubwa kwa ajili ya cherehani. Kasuku msimwambie bado, nisije nikabadilisha mawazo akaumia.

Sikutaka kuandika haya, lakini nimeyaandika.

Mama yako


26 Machi

Dada,

Nakuandikia nimesimama.

Mama yako hajaja siku nne. Nikasema nisikae bure, nimalizie zulia, ajikute amepunguziwa kazi. Nikatoa kiti cha dereva, nikafumua zulia. Lile blanketi la chini lilikuwa limelowa kabisa. Gari limekaa kwenye gereji kavu karibu mwezi mzima, na nilipolikamua lilijaza kopo la rangi.

Ukweli wenyewe ni huu. Kioo kilivuja, maji yakashuka ndani ya nguzo, yakaingia nyuma ya dashibodi, yakafika kwenye blanketi. Blanketi likayanywa na kuyabana kwenye bati, kiangazi na masika, miaka sita. Viatu vyake havikulowa, ni kweli. Bati ndilo lililolowa. Si la chini tu. Ni lile lililosimama, linalotenganisha injini na miguu ya dereva, lile ambalo pedeli ya breki imefungwa juu yake. Nimegonga, halikulia hata kidogo. Nimegusa kwa bisibisi, bisibisi imepita upande wa pili.

Nikamweka fundi wa rangi kwenye kiti cha kuazima. Nikamwambia kanyaga taratibu. Breki ikashika vizuri. Hivyo ndivyo shemeji alivyoijaribu uani, simlaumu. Kisha nikamwambia kanyaga kama unaona mtoto mbele. Akakanyaga. Bati likajikunja kuelekea injini, pedeli ikazama mpaka chini, na nguvu yote ya mguu ikaishia kwenye kutu. Magurudumu hayakushikwa. Tumerudia mara tano. Kadiri unavyokanyaga kwa nguvu ndivyo isivyoshika.

Dada, mama yako alikanyaga breki. Alikanyaga sana, na ndiyo maana gari halikusimama.

Hili ni neno la mtoto kumwambia mzazi, si la fundi. Mwambie. Mimi sichomelei pale mpaka yeye aone kwa macho yake, maana nikishatia kiraka ushahidi umefunikwa.

Fundi Bodi


28 Machi

Fundi,

Nimepokea. Nimeisoma kazini, nikaenda kukaa stoo ya mashuka.

Nakuomba uchomelee tu. Usimwite kwanza. Mama amekubali kuhamia kwangu, mwenyewe, bila kulazimishwa, tarehe 7. Hujui imechukua nini kufika hapa. Akisikia hili atarudi barabarani siku hiyohiyo, na safari hii hatasikia la mtu. Hata kama ile siku haikuwa kosa lake, ana miaka sitini na tisa. Mwakani sabini. Ipo siku itakuwa kosa lake.

Akishatulia hapa kwangu nitamwambia, taratibu, kwa wakati wake. Niachie mimi. Najua mama yangu.

Binti wa Bi Mkasi


30 Machi

Dada,

Sichomelei.

Kesho namwita nimuonyeshe kioo. Nitamwambia kilikuwa stoo tangu mwanzo na nitamwomba radhi, kwa kigugumizi changu chote, hata ikichukua mchana mzima. Uongo ule ulikuwa wangu, nautoa mwenyewe. Kwamba ni wewe uliyeniomba sitasema. Habari ya bati pia sitaitamka, nimekuachia. Lakini siwezi kulifunika.

Umesema unamjua mama yako. Mimi nimemjua wiki mbili tu, na nilimwona akiondoka hapa siku ya mwisho. Alikuwa anatembea akiuangalia mguu wake wa kulia.

Fundi Bodi


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimeianza barua hii mara nyingi. Leo naimaliza hata ikiwa mbaya.

Ulikanyaga breki.

Bati lililoshika pedeli lilikuwa limeoza kwa ndani, chini ya zulia. Ukikanyaga polepole inashika, ukikanyaga kwa nguvu linajikunja na breki haifanyi kazi. Fundi ameliona, wamejaribu mara tano. Mguu wako haukukosea. Akili yako haikukosea. Ulichokumbuka ndicho kilichotokea.

Sasa yangu. Mimi ndiye niliyemwandikia Fundi kwa siri akuambie gari limekufa. Alikataa, akakubali kusema kioo hakipo. Ni mimi, si yeye. Nilidhani nakulinda.

Kuna baya zaidi. Habari za bati nimezijua tangu tarehe 28 na sikukuambia. Siku ileile nilikuwa na barua yako ya ile mikono miwili ya kushoto. Nilisoma unavyoogopa kwamba huijui tena kumbukumbu yako, na dawa ya hofu hiyo nilikuwa nayo mfukoni mwa sare yangu, nikaikunja nikaenda kugawa vidonge wodini. Nilimwandikia Fundi afunike. Nilitaka uje. Nilitaka niache kuogopa, na nikaona ni sawa wewe uogope badala yangu.

Na Kasuku. Mama, siku ileile ya ajali, wakati wanamshona, aliniambia, "Bibi alisimama juu ya breki, mama, alisimama kabisa na gari halikusikia." Nilimwambia asibuni. Akarudia kesho yake, nikamkaripia. Hajarudia tena. Mtoto mwenye maneno kama maji ya bomba, hilo moja amelinyamazia kwa ajili yangu.

Jana nilimwita nikamwambia alisema kweli. Akaniuliza, "Bibi anajua?" Ndipo nikachukua kalamu.

Sikuombi uitikie shikamoo yangu, na tarehe 7 siji mpaka wewe uniite. Nilitaka tu usikae siku nyingine moja ukiuangalia mguu wako. Nisamehe, mama yangu.

Binti yako


8 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ilifika tarehe 4. Nimekaa nayo siku nne, kwa makusudi, uone zinavyokaa.

Nilikuwa nimeshajua. Tarehe 31 Fundi aliniita. Akanitolea kioo kwenye magunia, akaanza kuomba radhi, na neno "samahani" peke yake lilimchukua muda wa mtu kunywa chai. Nikamwambia basi, nimesikia herufi ya kwanza inatosha. Akanipa bisibisi, akanielekeza kwa kidevu miguuni pa dereva, akatoka nje. Nikagonga. Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria.

Nilikaa chini palepale kwenye sakafu ya gereji nikalia, mwanangu. Nililia kwa furaha kwanza, mtu wa miaka sitini na tisa analia kwa furaha kwa sababu ameona kutu. Nikaugusa mguu wangu nikauomba radhi. Halafu nikaliona blanketi limeanikwa kwenye ukuta, na mishono yangu yote bado imara, hakuna hata mmoja uliofumuka, ndipo nikalia kile kilio kingine. Bati hilo nimelioza mwenyewe. Ningekuwa mshonaji mbaya, maji yangepita, viatu vingelowa, ningelalamika, gari lingetengenezwa miaka mitano iliyopita. Kasuku alipasuliwa na kazi yangu safi. Hilo nimelibeba, wala usije ukaniambia kwa upole kwamba si kosa langu. Upole wako nimeushiba.

Fundi hakuniambia habari zako. Nilimuuliza tu kama wewe unajua, akaangalia pembeni. Basi kila siku nikaenda ofisi ya mabasi. Tarehe 1 hakuna. Tarehe 2 hakuna. Tarehe 3 karani akaniambia, "Mama, kaa, utaanguka." Nilikuwa naomba barua ije kabla ya ile tarehe 7 niliyokuambia uje na gari kubwa. Nilikuwa najiambia, akija huku amenyamaza, nitapanda gari lake na nitahamia, lakini mwana sitakuwa naye tena. Imekuja. Ashukuriwe Mungu na Kasuku.

Kuhusu kumwandikia Fundi, nimekusamehe. Uliogopa, na mimi ningemwogopea mama yangu hivyohivyo. Kuhusu zile siku tano za kunyamaza, bado. Naijaribu kila asubuhi, bado haijakubali. Itakubali, usinisukume.

Gari limekwisha. Bati bovu limekatwa lote mpaka kwenye zima, limechomelewa, limepakwa rangi ya chini mara mbili. Kioo kimekaa na mpira wake mpya. Fundi alinikalisha ndani akanimwagia maji ya mpira kutoka nje robo saa nzima, nikawa natafuta tone kwa vidole, hakuna. Kisha tukaenda barabara ya ghala. Akaniambia kanyaga kwa nguvu zako zote. Tulisimama mpaka kofia yake ikagonga kioo.

Siji kuhamia kwako. Kile chumba kipangie nguo za kupigwa pasi. Siku macho au mguu vitakaposhindwa nitakuambia mimi mwenyewe, na nakuapia nitakuambia, kwa sababu sasa najua kuviamini mpaka siku hiyo.

Tarehe 10 asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Omba ruhusa kazini. Kasuku atakaa nyuma na mkanda wake, na wewe utakaa mbele, pembeni yangu, njia yote mpaka huku. Tutashuka mtaa wa sokoni watatu. Sitaki uniambie kwamba unaniamini. Kusema umesema mengi mazuri mwezi huu. Nataka ukae kwenye kile kiti.

Ukiona huwezi, niandikie, sitakasirika. Najua kuogopa kulivyo. Tangu mwezi wa pili nimekuwa nikikuogopa wewe.

Mama yako